Sababu Arobaini na Moja za Kuhama

Mwanafunzi aitwaye Sikujua Mahenge alipanda jukwaani akiwa bado na tongotongo kwenye jicho la kushoto, akashusha pumzi kama mtu anayetaka kusoma wosia, akasema:

"Mimi Sikujua Mahenge wa Kidato cha Tatu naliaga toleo la Pareto, kwa sababu linanijibu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu."

Shule nzima, wanafunzi mia tatu na kumi na wawili waliosimama kwenye ukungu wakipuliza viganja, ikaitikia kwa heshima zote: "Nenda salama."

Tusajigwe Kyando, ambaye watu wote isipokuwa mama yake walimwita Tusa, akaandika maneno hayo katika daftari. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa Kamati ya Wahamaji, cheo alichopewa ili atulie, kwa kuwa tayari alikuwa na maonyo mawili ya maandishi na walimu waliamini kwamba mtu akipewa daftari hupungukiwa na muda wa kufanya uovu. Akaandika namba pembeni. Arobaini na moja. Wahamaji arobaini na mmoja kwa siku tisa, ilhali muhula uliopita wote walihama kumi na wanne.

Zaidi ya hapo, Sikujua alikuwa ameingia Pareto Jumanne. Leo ilikuwa Ijumaa.

Sikujua aliposhuka, aligusa nyuma ya sikio lake la kulia, mahali kilipokaa kisikio chake. Kilikuwa kitu kidogo kama punje ya haragwe, kinachoishi kwa joto la mwili, na kazi yake ilikuwa kunong'ona: kukumbusha ratiba, kutafsiri Kifaransa cha mwalimu, kusoma ubaoni kwa niaba ya wasioona vizuri. Ndani ya kila kisikio ulidunda moyo uleule, ule wa Linux, programu ya msingi ambayo ni mali ya kila mtu na si ya mtu yeyote. Lakini juu ya moyo huo watu mbalimbali walijenga matoleo yao, kila moja na tabia yake. Msasa lilikuwa kavu na la haraka. Pareto lilikuwa na adabu nyingi. Nyati lilikataa kubadilika hata lilipobembelezwa. Upupu lilijisasisha kila saa, na aliyelivaa alikuwa na sura ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Kabla hamjatawanyika," alisema Madam Edina Nkwama.

Mkuu wa Shule ya Bweni Ikuvilo hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliishusha, na wanafunzi ndio waliopanda kwa vidole vya miguu ili wamsikie.

"Ibara ya Nne ya katiba ya shule inasemaje? Kiranja Mkuu."

Ipyana Tweve, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho, aliinua kadi yenye maandishi akampa msichana wa pembeni yake asome. Ndivyo alivyofanya siku zote. Watu walisema ni maringo.

Msichana akasoma: "Kila mtu atahama toleo apendapo. Atatoa sababu moja kwa sentensi moja. Nyumba yake ndani ya kisikio haitafunguliwa na mtu mwingine, na ikifunguliwa, aliyefunguliwa ndiye atakayesamehe au kutosamehe."

"Ibara hiyo iliandikwa na bibi zenu," alisema Madam, "baada ya kampuni moja kuuza visikio nchi nzima kisha, siku ilipokosana na serikali, kuvizima vyote saa nne asubuhi, manesi wakiwa wodini na watahiniwa wakiwa kwenye mtihani. Naiheshimu. Lakini bibi zenu hawakuwaza shule ambayo watu wanahama kila baada ya siku tatu na kulala darasani katikati yake. Jumatatu, Bwana Mrosso wa kampuni ya Kituliza ataleta mkataba. Visikio vipya, toleo moja lililofungwa, hakuna kuhama. Nikiona sababu ya kutosaini, sitasaini. Mpaka sasa sijaiona. Nendeni mkanywe uji."

Pembeni ya jukwaa, mwanamume mwenye viatu visivyo na tope hata chembe, jambo lisilowezekana Ikuvilo mwezi wa Aprili, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Tusa alimtazama, akafunga daftari taratibu.

Hakuna mtu mwenye viatu safi namna ile asiye na la kuficha.

*

"Ni yeye," Tusa alimwambia Sikujua kwenye kamba za kuanikia nguo, wakisubiri soksi ambazo hazingekauka kabla ya Juni. "Amewatia kitu. Mwone. Anakuja Ijumaa iliyopita kutembelea, kesho yake wanahama watu kumi. Anakuja na tiba mfukoni kabla sisi hatujaumwa."

"Aliingia bwenini?"

"Hapana."

"Aligusa kisikio cha mtu?"

"Sikujua, usinisumbue na ukweli, nafikiri."

"Mimi nilihama kwa sababu Pareto lilikuwa zito. Na Nyati kabla yake lilikuwa zito. Msasa nalo zito." Sikujua alihesabu kwa vidole vyekundu kwa baridi. "Daktari wa zahanati kasema ni baridi. Visikio vinakula joto, na sisi hatuna."

"Changu si kizito. Na masikio yangu ni ya barafu kama yako."

Sauti ya kikohozi ilitokea nyuma ya shuka. Ipyana Tweve alikuwa amesimama pale, na hakuna aliyejua tangu lini. Kwa kawaida kiranja mkuu hakuongea na watu wa Kidato cha Tatu. Aliwatazama tu, wakajisahihisha wenyewe. Alitoa karatasi mfukoni na kumkabidhi Tusa.

Iliandikwa kwa mwandiko ulionyooka: *Wahamaji wote wamehama mara mbili au tatu. Wewe uko Msasa tangu Kidato cha Kwanza. Kwa nini?*

"Kwa sababu nina msimamo," alisema Tusa.

Ipyana akainua nyusi moja.

"Na wewe je, kaka? Umehama mara tisa. Naandika mimi, najua. Na kila mara unaniletea kikaratasi eti 'Sababu: mabadiliko'. Mara tisa, sababu moja. Hata mwizi wa kuku hubadilisha maelezo."

Uso wa Ipyana ulifungika kama dirisha. Alichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaondoka akipita kwenye tope bila kuharakisha.

"Umemkera," alisema Sikujua.

"Amekereka haraka mno," alisema Tusa, na moyoni mwake akaongeza jina la pili kwenye orodha ya washukiwa, chini ya Viatu Safi. Usiku huo huo alikuwa na nadharia kamili: Mrosso analipa, Ipyana anasambaza. Ilikuwa nadharia nzuri. Ilikosa ushahidi tu.

*

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, chumba cha kompyuta kilikuwa kitupu na kilinuka soksi. Tusa alikalia kiti cha katibu mbele ya mashine ya kuhamishia, akamwomba Sikujua kisikio chake cha akiba.

"Utakivunja."

"Nitakifanyia uchunguzi wa kitaalamu."

"Ndiyo nilichosema."

Tusa alikifuta kisikio chote, akakiwekea Msasa jipya lisilo na kitu, akakibandika nyuma ya sikio na kukiuliza ratiba ya kesho. Kikajibu kabla hajamaliza neno. Akakifuta tena, akaweka Pareto. Kikajibu vilevile upesi, na kwa adabu. Akaweka Nyati. Upesi, kwa kiburi.

"Hamna baridi hapa," alisema. "Matoleo yote ni mazima."

"Basi kwa nini kwangu yanalegea?"

Tusa alikivua kisikio, akakigeuzageuza kiganjani.

Mtu anapohama Ikuvilo, mambo huenda hivi. Kisikio huchomekwa kwenye mashine. Mashine huchukua nyumba ya mtu huyo, yaani sehemu yenye vitu vyake mwenyewe: madaftari yake, sauti anayoipenda, majina ya maadui zake. Huiweka pembeni. Hulifuta toleo la zamani, husakinisha jipya, kisha huirudisha nyumba ilivyokuwa, na mtu huondoka akijihisi amezaliwa upya. Hakuna anayekubali kuanza na nyumba tupu. Ni kama kuripoti shuleni bila tranka. Na ndani ya nyumba yamo mafaili ambayo majina yake huanza na nukta. Hayo hayaonekani mpaka uyaite. Ndimo yanamokaa mazoea: rangi, lafudhi, mapambo ambayo wanafunzi huombana na kunakiliana bwenini bila kuuliza yametoka wapi.

"Naomba nyumba yako," alisema Tusa.

"Ibara ya Nne," alisema Sikujua kwa sauti ya Madam.

"Ndiyo maana naomba."

Sikujua alifikiri. "Usisome faili la mashairi."

"Unaandika mashairi?"

"Usisome."

Tusa aliimimina nyumba ya Sikujua kwenye kisikio kilichokuwa kizima dakika moja iliyopita. Akauliza ratiba. Kikanyamaza. Kikavuta pumzi, kama kinashuka kitandani kutafuta ndala. Ndipo kikajibu.

Wote wawili wakatazamana.

"Mmekuwa mkihama nyumba na godoro lenu," Tusa alisema polepole. "Na kunguni wamo ndani ya godoro."

Sasa ikabaki kumtafuta kunguni. Aliyaondoa mafaili ya nukta nusu yake, akajaribu. Kisikio bado kizito. Akaondoa nusu ya yaliyobaki, kikawa chepesi. Basi yumo kwenye hiyo nusu iliyotoka. Aliendelea kugawa na kujaribu, Sikujua akitafuna kucha kana kwamba wanapasua mtu, mpaka likabaki faili moja.

Jina lake lilikuwa *.msiba*.

Mikono ya Tusa, ambayo ilikuwa imechangamka tangu asubuhi, ilirudi mapajani yenyewe.

"Ah, hilo," alisema Sikujua. "Si ni lile lako?"

Lilikuwa lake. Alilitengeneza wiki ya pili ya muhula, mchana mmoja wa mvua, kwa ajili ya manufaa ya umma. Mwalimu alipokaribia bweni, kisikio kilitangaza kwa ile sauti nzito ya redio inayosoma vifo: *Uongozi wa bweni unasikitika kuwatangazia ujio wa Mwalimu wa Zamu, uliotokea ghafla upande wa mabafu. Habari ziwafikie wote walio juu ya vitanda na viatu.* Bweni zima lilicheka mpaka matroni akaja, naye akatangazwa. Kufikia Jumapili kila mtu alikuwa amenakili. Kufikia wiki iliyofuata hata wavulana.

Tusa mwenyewe hakulivaa. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Walimu aliwaona kwa macho.

Alifungua faili akasoma mistari yake mwenyewe kana kwamba anasoma barua ya mtu mwingine. Ili kujua nani anakuja, programu ilisikiliza nyayo. Alikuwa ameiambia isikilize. Hakuwa ameiambia ipumzike. Ilisikiliza darasani, bwaloni, kanisani, usingizini, na kila mwendo wa mguu iliuhifadhi ili kuulinganisha na mwingine, ghala likijaa siku hadi siku, mpaka moyo wa Linux ukabaki na nguvu kidogo tu ya kumjibu mwenye sikio. Mwenye sikio akalilaumu toleo. Akahama. Akalibeba.

"Kwa hiyo Bwana Mrosso..." alianza Sikujua.

"Ana viatu safi tu," alisema Tusa. "Si kosa."

*

Sikujua alikwenda kwenye zamu ya kuosha masufuria, akiwa ameapa kunyamaza mpaka Jumatatu. Tusa akabaki na mashine.

Hebu tumtendee haki. Hakufikiria kwanza jinsi ya kujiokoa. Alifikiria kwanza kuhusu watu, kwa kama dakika mbili. Kisha akafikiria onyo la tatu la maandishi, ambalo Ikuvilo huja likiwa limeambatanishwa na tranka lako getini. Alimfikiria mama yake, muuza maua ya pareto wa Bulongwa, ambaye kwa kila jirani aliyepita alisema binti yangu ni katibu.

Na palikuwa na njia. Mashine ilitunza nakala ya kila nyumba, mia tatu na kumi na mbili, zimefungwa, kwa ajili ya siku ya maafa. Ufunguo ulikuwa kwa katibu. Angeweza kuandika mistari sita: ingia kila nyumba, futa faili moja, funga mlango, na nyumba iliyosafishwa irudi kwenye kisikio cha mwenyewe wakiwa ibada ya Jumapili. Jumatatu kila mtu angeamka mwepesi. Kuhama kungekoma. Madam angeona sababu ya kutosaini. Hakuna ambaye angeumia, hakuna ambaye angejua, na mkosaji angekuwa ametengeneza alichoharibu, kama Biblia inavyotaka, isipokuwa ile sehemu ya kuungama.

Alikuwa akiwaponya. Nani huomba ruhusa kuponya?

Mistari sita ikaandikika yenyewe. Lakini mtu makini hujaribu kwanza kwenye nyumba moja, na nyumba nzuri ya kujaribia ni ile iliyohamishwa mara nyingi kuliko zote, yenye mafaili ya kila toleo yamelaliana kama blanketi za stoo. Hiyo ilikuwa ya Ipyana Tweve. Mara tisa. *Sababu: mabadiliko.*

Na hapa tuseme kweli: haikuwa kwa ajili ya majaribio peke yake. Hata sasa, kunguni akiwa wake, Tusa hakuweza kuiacha ile nadharia. Mtu anayehama mara tisa na kuficha sababu ana jambo. Aligeuza ufunguo.

Nyumba ya Ipyana ilikuwa nadhifu kama shati lake. *.msiba* lilikuwamo. Mistari sita ikalifuta, ikafanya kazi vizuri kabisa. Hapo Tusa angefunga mlango.

Pembeni palikuwa na folda iliyoitwa *Karibu*. Ndani yake sauti tisa zilizorekodiwa, kila moja na tarehe. Alizilinganisha na daftari. Ni zile tarehe tisa za kuhama.

Akabonyeza ya kwanza.

Ilikuwa sauti ya toleo jipya likianza kwa mara ya kwanza, ile ambayo kila mtu huiruka kwa papara. *Karibu. Unaitwa nani?*

Kisha kimya. Kisha sauti ya mvulana, karibu sana, ikigonga herufi moja. "I. I. I-i." Kimya. Pumzi. "I-ip." Kimya kirefu. Toleo halikumkatisha. Halikumalizia neno kwa niaba yake, halikutazama pembeni. Lilingoja, kwa kuwa limeumbwa kungoja. Sekunde arobaini zilipita, Tusa akizihesabu bila kutaka. "Ip-yana."

*Asante, Ipyana. Tuanze.*

Alibonyeza ya tisa. Aliamini atakuta imekuwa fupi, kwamba hayo yalikuwa mazoezi. Haikuwa fupi. Ilikuwa ndefu zaidi kidogo. Mwishoni, baada ya *Asante, Ipyana*, mvulana alicheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyepewa kiti.

Toleo la zamani halikuulizi jina. Linakujua tayari. Linalouliza ni jipya peke yake.

Tusa aliondoa mkono kwenye mashine. Nje mtu alikuwa akipiga mpira kwenye ukuta wa bwalo, pu, pu, pu. Alihisi kama aliyeingia bafuni akakuta mtu, na mtu huyo hajageuka, na hajui.

Aliifuta ile mistari sita. Hilo lilikuwa rahisi. Alichokisikia ndicho hakikuwa na pa kufutia.

*

Jumatatu kabla ya mstari, alimkuta Ipyana kwenye mabomba, akiosha mikono kwa maji yaliyokuwa karibu kuganda.

"Kaka, nina maneno mawili. La kwanza, uzito wa visikio ni mimi. Ni lile tangazo la msiba. Nitasema leo mbele ya watu."

Ipyana aliitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa ameshakisia.

"La pili." Tusa alitazama bomba. "Jumamosi nilifungua nyumba yako. Nilijiambia ni majaribio. Nilikushuku. Nikaona folda, nikasikiliza mbili. Ya kwanza na ya tisa."

Maji yaliendelea kutoka. Ipyana hakuyafunga. Shingo yake ilibadilika rangi juu ya kile kifungo cha mwisho, akafungua mdomo, na neno likakwama mahali fulani, na Tusa, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha sentensi ya mtu mwingine ifike mwisho bila msaada wake, alijing'ata ulimi akangoja.

Neno halikuja. Ipyana alifunga bomba akaondoka.

*

Bwana Mrosso alikuwa amepewa kiti. Mkataba ulikuwa juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, na kalamu juu yake.

"Kuna wa kuaga?" aliuliza Madam.

Tusa alipanda na daftari. Alikuwa amepanga kuanza na utani. Ulimtoroka kwenye ngazi.

"Mimi Tusajigwe Kyando wa Kidato cha Tatu," alisema. "Siagi toleo. Hakuna toleo lenye kosa. Nina sababu arobaini na moja hapa. Linanijibu kama aliyeamshwa. Limezeeka. Limenichoka. Halinipendi tena. Zote ni faili langu la msiba, mnalo kila mmoja wenu, linasikiliza nyayo mchana na usiku na linakula nguvu. Mkihama mnahama nalo. Mkifungiwa toleo moja mtakuwa nalo vilevile, maana mtaingia na nyumba zenu."

Bwana Mrosso alisogea kwenye kiti.

"Kulifuta ni rahisi, kinong'onezeeni kisikio 'futa msiba', na nimeiandika amri hiyo ubaoni bwaloni. Kila mtu afute lake mwenyewe. Asiyetaka asifute. Ningeweza kuwafutia. Nilianza." Alifunga daftari. "Nilifungua nyumba moja bila ruhusa, nikaona yasiyonihusu. Hayo ndiyo yote, Madam."

Ukungu ulipita kati ya mistari ya wanafunzi. Mtu nyuma alicheka, akaacha. Wengine walikuwa tayari wamegusa nyuma ya sikio, wakinong'oneza amri, na nyuso zikaanza kubadilika moja moja, kama watu waliotolewa pamba masikioni. Sikujua alifuta. Jirani yake, msichana mnene mwenye kofia ya sufu, alisema kwa sauti kwamba yeye halifuti ng'o, afadhali achelewe kujibiwa kuliko akutwe kitandani na matroni.

"Ni haki yake, Madam," alisema Tusa.

"Sikukuuliza." Madam Nkwama aliuchukua mkataba, akausoma ukurasa wa kwanza kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, akamrudishia Bwana Mrosso mkononi. "Samahani kwa usumbufu, baba. Chai ipo ofisini." Kisha akamgeukia Tusa, akaishusha sauti mpaka shule nzima ikapanda kwa vidole. "Faili la utani ni onyo la tatu, na kwa hilo ningekusamehe mimi mwenyewe, kwa kuwa umesema. Nyumba ya mtu siwezi. Hiyo si yangu. Nani uliyemfungulia?"

"Siwezi kumtaja, Madam."

"Usipomtaja hakuna wa kukusamehe. Unalijua hilo? Tranka lako litakuwa getini kabla ya saa nne."

"Nalijua."

"Anaweza akawa yuko radhi."

"Nikimtaja watamuuliza niliona nini."

Madam alimtazama. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayetamani ibara ingekuwa imeandikwa vingine. Akageukia meza kuchukua kitabu cha maonyo.

Mstari wa mbele, upande wa viranja, Ipyana Tweve alipiga hatua moja mbele. Hakuwa na kadi. Msichana wa pembeni yake, kwa mazoea, alinyoosha mkono kuipokea. Ipyana akautikisia kichwa.

"Ni," alisema.

Watu walingoja. Kunguru alitua juu ya paa la bwalo, akatembea, bati likalia.

"Ni n-n. Ni ny." Alifumba macho. Kule nyuma minong'ono ilianza, Madam akainua kidole kimoja, ikafa. "Ni nyu-mba y-yangu."

Mia tatu na kumi na mmoja wakamgeukia. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia sauti yake. Ilikuwa nzito kuliko walivyofikiri.

"Ahsante, Ipyana," alisema Madam kwa upole. "Na unamsamehe?"

Alifikiri. Haikuwa kukwama, kila mtu aliona tofauti. Alimtazama Tusa pale jukwaani, na Tusa hakuinamisha uso, ingawa angependa sana.

"B-bado," alisema Ipyana.

"Lini basi? Nina tranka la mtu hapa."

"N-n-nikiwa t-tayari, Madam."

Akarudi mstarini, akanyoosha shati. Madam Nkwama alikishika kile kitabu cha maonyo kwa muda, akakifunga bila kuandika, akashuka na mgeni wake kwenda kunywa chai. Kengele ya kipindi cha kwanza ikagongwa, wanafunzi wakatawanyika. Tusa alibaki amesimama jukwaani na daftari lake kifuani, maana hakuna aliyekuwa amemwambia ashuke, na safari hii hakutafuta njia ya mkato.